Mtungi wa Hewa wa Kuzamia: Namna ya Kuubeba, Kuuhifadhi na Kuutunza kwa Usalama

Mtungi wa alumini unaotumiwa na wazamiaji wengi una ujazo wa lita 11.1 tu, pungufu ya ndoo moja kubwa ya maji, lakini ukijazwa hadi shinikizo la bar 207 hubeba hewa ambayo ikiachiwa nje ingechukua nafasi ya karibu lita 2,200. Tairi la gari dogo hujazwa bar 2 na ushei. Nguvu iliyobanwa ndani ya mtungi huo inakaribiana na ya gari la tani 1 linalokwenda kilomita 100 kwa saa, isipokuwa gari hutangaza ujio wake kwa mngurumo, ilhali mtungi hukaa kimya kando ya ukuta kana kwamba hauna kitu ndani.

Wengi wanaouogopa mtungi huogopa kwamba utapasuka wenyewe. Kwa kweli mtungi uliotengenezwa vizuri na kukaguliwa kwa wakati una ukuta imara sana, na ni nadra ukuta huo kuwa chanzo cha maafa. Kinachoharibu mitungi na kuumiza watu ni mambo madogo yasiyotiliwa maanani: maji yaliyoingia ndani na kuachwa humo, vali isiyooana na shingo, joto, na mtungi ulioachwa umesimama peke yake kwa dakika moja tu. Kati ya hayo yote, mimi huyatilia shaka maji zaidi, nami nitayarudia kwa kirefu mbele.

Soma bega kabla ya jambo lolote

Kila mtungi halali una maandishi yaliyogongwa kwenye bega lake. Humo utakuta shinikizo la kazi, shinikizo la jaribio, ujazo, uzito wa mtungi mtupu, nambari yake ya pekee, alama ya mtengenezaji na tarehe za majaribio yaliyokwisha kufanyika. Shinikizo la kazi ndilo kikomo cha kujaza, na kwa mitungi ya kuzamia mara nyingi huwa bar 200, 207, 232 au 300. Shinikizo la jaribio ni kubwa zaidi. Ulaya kwa kawaida ni mara 1.5 ya shinikizo la kazi, na Marekani, kwa mitungi ya aina zilizozoeleka, hulizidi shinikizo la kazi kwa theluthi mbili. Mtu asiyezoea kusoma alama hizi anaweza kuiona ile namba kubwa na kudhani kwamba ndiyo anayoruhusiwa kufika, na kosa hilo hutosha kuufikisha mtungi mahali ambapo haukukusudiwa kufika tena baada ya kutoka kwenye chumba cha majaribio.

Katika jaribio lenyewe mtungi hujazwa maji badala ya hewa, kisha husukumwa hadi shinikizo la jaribio huku ikipimwa ni kwa kiasi gani unatanuka na ni kwa kiasi gani unashindwa kurudi ulivyokuwa. Maji hutumika kwa sababu hayabanwi kwa urahisi kama gesi, kwa hiyo ukuta ukipasuka hakuna nguvu kubwa ya kurusha vipande. Marekani jaribio hili hufanywa kila baada ya miaka 5, na desturi ya wazamiaji wa huko ni kuufungua mtungi na kuukagua kwa macho kila mwaka; Uingereza ukaguzi wa macho hufanywa kila baada ya miaka 2 na nusu na jaribio la maji kila baada ya miaka 5. Fuata kipindi kinachotawala mahali ulipo, na endapo mtungi umeanguka, umegongwa, umekaribia moto au umeingiwa na maji, usisubiri tarehe.

Mtungi ambao alama zake zimefutika, zimesagwa au zimegongwa juu ya nyingine usijazwe, hata kama mwenyewe anaapa kwamba anaujua tangu ukiwa mpya.

Mitungi ya zamani ya alumini inahitaji neno la peke yake. Baadhi ya iliyotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1980 iliundwa kwa aloi, yaani mchanganyiko wa metali, iitwayo 6351, ambayo baadaye iligundulika kuwa inaweza kupata nyufa shingoni kutokana na kubeba mzigo wa shinikizo kwa muda mrefu bila kupumzika. Watengenezaji walihamia aloi ya 6061, ambayo haina tabia hiyo. Nyufa hizo huanzia ndani, kwenye hesi za shingo, yaani mistari ya skrubu inayoishika vali, mahali ambapo jicho haliwezi kufika bila vali kuondolewa, na ndiyo maana kuna kifaa cha umeme cha kupima hesi kinachotumiwa pamoja na macho ya mkaguzi. Vituo vingi vya kujaza huikataa mitungi hii moja kwa moja. Binafsi naona wana haki, kwani mtungi uliokwisha kufanya kazi kwa zaidi ya miaka 30 umeshalipa gharama yake mara nyingi.

Hesi zilezile za shingo zina hatari nyingine ambayo imewahi kujeruhi na kuua watu wakati wa kujaza. Mitungi ya kuzamia huja na shingo za vipimo mbalimbali, na vinavyochanganywa zaidi ni kile cha milimita 25, kinachoandikwa M25x2, na kile cha robo tatu ya inchi. Vali ya M25 ni nyembamba kidogo, hivyo ukiipeleka kwenye shingo ya robo tatu ya inchi inaingia, inazunguka na mwishoni inakaza, na mkono hauoni kasoro yoyote. Lakini hesi zinashikana kwa kingo tu. Shinikizo likipanda, vali hufyatuka kama risasi, na aliyeinama juu ya mtungi kutazama geji ya shinikizo ndiye anayekuwa njiani. Kwa hiyo vali isibadilishwe nyumbani kwa kukisia. Soma kipimo kilichogongwa kwenye vali, soma kilichogongwa begani, na visipofanana herufi kwa herufi, acha. Pale ambapo upande mmoja hauna kipimo, kazi hiyo apewe fundi mwenye geji za kupimia hesi.

Kubeba na kuweka

Mtungi wa lita 11.1 una uzito wa karibu kilo 14 ukiwa mtupu, na hewa peke yake huongeza zaidi ya kilo 2 na nusu. Pamoja na vali, unabeba zaidi ya kilo 17. Beba mmoja kwa wakati ikiwa njia ina utelezi au ngazi. Ushike kwenye shingo ya vali au kwa mpini uliotengenezwa kwa kazi hiyo, wala usiushike kamwe kwa regulata, yaani kifaa kinachopunguza shinikizo la hewa ili mzamiaji aipumue, au kwa bomba lililofungwa juu yake. Usiuviringishe sakafuni, kwani kuviringisha hukwangua rangi, na pale rangi ilipotoka ndipo kutu hupata mlango.

Kupokezana mtungi kutoka gatini kwenda kwenye boti ndiko kunakoponza vidole vingi. Anayetoa asiachie mpaka asikie neno. Anayepokea aweke mkono mmoja shingoni na mwingine chini ya kitako, ahakikishe uzito wote umehamia kwake, ndipo aseme kwa sauti, “Ninao.” Kabla ya neno hilo, mtungi bado ni wa aliye juu. Utaratibu huu unaonekana wa kitoto mpaka siku boti inapochezeshwa na wimbi katikati ya makabidhiano.

Mtungi uliosimama peke yake ni mtungi unaosubiri kuanguka. Kitako chake ni chembamba ukilinganisha na urefu wake, na vali na regulata huupeleka uzito wake juu zaidi. Kama unauacha, hata kwa muda wa kwenda kuchukua barakoa, ulaze na uuzuie usiviringike, au ufunge kwa mkanda kwenye rafu yake. Kuanguka kwenyewe si lazima kuharibu ukuta, lakini vali ikipiga kwenye jiwe inaweza kupinda, na vali iliyopinda haiaminiki tena hata kama bado inafunguka na kufunga. Mguu wa mtu aliyevaa ndara nao haufai kuwa kizuizi.

Kufungua na kufunga vali

Kabla ya kufunga regulata, ondoa kifuniko cha mdomo wa vali, tazama oringi, yaani kile kipete cha mpira kinachoziba, kama kipo na hakijapasuka, kisha elekeza mdomo mahali pasipo na mtu na uifungue vali kidogo kwa kitambo kifupi. Hewa itafukuza tone la maji au chembe ya mchanga iliyokaa mdomoni, ambayo la sivyo ingesukumwa ndani ya regulata. Usiweke kiganja mbele ya mdomo huo kujaribu nguvu yake.

Ukishafunga regulata, geuza kioo cha geji kielekee chini au mbali na uso, halafu fungua vali polepole. Kufungua kwa ghafla huibana hewa iliyo kwenye bomba mara moja na kuipasha joto kali. Kwa hewa ya kawaida huwa ni usumbufu kwa vipuri, na kwa mchanganyiko wenye oksijeni nyingi inaweza kuwa cheche. Ikishaanza kupita, endelea mpaka vali ifike mwisho. Zamani wazamiaji walifundishwa kuirudisha nyuma robo ya mzunguko. Siku hizi wengi wameachana na desturi hiyo, kwa kuwa mtu aliyechanganya upande wa kufunga na wa kufungua huishia kuiacha vali ikiwa wazi kwa robo tu, na regulata itapumua vizuri juu ya maji, kisha ikakaba kinani.

Kufunga kunahitaji nguvu za vidole tu. Ikiwa vali inaendelea kuvuja baada ya kufungwa kwa vidole, kiti chake cha ndani kimechakaa, na kukibana zaidi kwa koleo kutakimaliza.

Kujaza

Kazi ya kujaza ni ya mtu aliyefunzwa, lakini mwenye mtungi anapaswa kujua anachokitazama. Mwendo unaopendekezwa na wengi ni kati ya bar 20 na 40 kwa dakika. Hewa ikibanwa hupata joto, na mtungi uliojazwa haraka utasoma bar 207 ukiwa bado moto, kisha ukipoa unasoma karibu bar 190. Hapo ndipo baadhi ya watu hushawishika kujaza zaidi ya kikomo ili “upoe ukiwa kamili”. Mtungi mmoja mmoja huvumilia, ila kila mara unapovukishwa kikomo chuma huchoka kidogo, na alumini huchoka haraka zaidi.

Vituo vingine hutumbukiza mtungi kwenye pipa la maji wakati wa kujaza. Sioni faida inayolingana na usumbufu wake. Maji hupoza kwa kiasi fulani, ni kweli, lakini hayauzuii mtungi usipasuke, na yanaweka tone mdomoni mwa vali kwa wakati uleule ambao bomba la kujazia linaunganishwa. Tone hilo husukumwa ndani kwa bar 200. Ukijaza polepole hutahitaji pipa.

Ubora wa hewa nao ni sehemu ya usalama wa mtungi. Mdomo unaovuta hewa wa kompresa, yaani mashine ya kuibana hewa, lazima uwe mbali na moshi wa injini, ikiwemo injini ya kompresa yenyewe, na upepo ukigeuka mdomo nao ugeuzwe. Monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi, na madhara yake huongezeka kina kinapoongezeka, kwa kuwa shinikizo la gesi hiyo mwilini hupanda pamoja na shinikizo la maji. Harufu ya mafuta kwenye hewa ni onyo tosha la kuukataa mtungi. Kukosekana kwa harufu si kibali. Vichujio vya kompresa vina muda wake wa kufanya kazi, na katika mazingira ya joto na unyevu muda huo hufupika.

Maji ndani ya mtungi

Hapa ndipo ningependa msomaji akae nami kwa muda. Maji huingia kwa njia mbili kuu: kupitia kompresa ambayo kichujio chake kimejaa unyevu, na kupitia vali ya mtungi uliomalizwa kabisa chini ya maji. Mzamiaji anayepumua mpaka geji isome sifuri, kisha vali ikabaki wazi, huyakaribisha maji ya bahari ndani. Ndiyo maana mtungi hurudishwa ukiwa na akiba. Wengi hulenga bar 50 kufika juu, na hata kwa ajili ya kuhifadhi huacha bar 10 hadi 20 ili shinikizo la ndani lisukume nje badala ya kuruhusu unyevu kuingia.

Maji ya chumvi ndani ya mtungi wa chuma hufanya kazi kwa kasi isiyo ya kawaida, kwa sababu hewa iliyobanwa ina oksijeni nyingi mno katika nafasi ndogo. Kijiko kimoja cha maji kinaweza kuchimba mashimo ukutani kwa miezi michache. Kuna madhara ya pili ambayo hayajulikani sana. Kutu inapoundwa hutumia oksijeni iliyomo mtungini, kwa hiyo mtungi wa chuma wenye maji uliokaa miezi mingi umejaa unaweza kuwa na hewa yenye oksijeni pungufu. Geji itasoma vizuri, hewa itatoka bila harufu, na mzamiaji atapoteza fahamu bila kuhisi dalili ya kukosa pumzi. Mtungi uliokaa muda mrefu, hata kama umejaa, toa hewa yake na ujaze upya, au angalau pima oksijeni kwa kifaa kabla ya kuutumia. Alumini haipati kutu nyekundu, ila hupata unga mweupe na vidoa vinavyochimbika, na tiba yake ni ileile.

Unaweza kuukagua mtungi kidogo bila kuufungua. Inamisha mtungi taratibu upande huu na upande ule huku sikio likiwa karibu na ukuta wake. Maji hutoa mlio wa kuteleza, na vipande vya kutu hutoa mlio wa changarawe ndani ya debe. Halafu ugeuze kichwa chini, weka kitambaa cheupe chini ya mdomo wa vali, na fungua kidogo mno. Ukitoka ukungu mweupe mzito, au kitambaa kikipata doa la rangi ya chai, mtungi hauhitaji ushahidi mwingine. Lakini kitambaa kikibaki kikavu usishangilie. Vali nyingi zina kijibomba kifupi kinachoingia ndani ya mtungi ili uchafu usizibe njia ya hewa mtungi unapoinama, na maji machache hukaa kuzunguka kijibomba hicho bila kufika kwenye ncha yake. Jibu la uhakika hupatikana kwa vali kuondolewa na taa kuingizwa ndani, kazi ambayo hufanywa na mkaguzi baada ya mtungi kumalizwa hewa yote.

Unapotoa hewa, itoe polepole, kwa muda wa dakika kadhaa. Kuifungulia kwa nguvu huupoza mtungi mpaka ukavaa umande nje na baridi kali kwenye vali, na kelele yake huumiza masikio.

Baada ya kuzamia, suuza mtungi kwa maji baridi yasiyo na chumvi, huku kifuniko cha mdomo wa vali kikiwa mahali pake. Ondoa kile kiatu cha mpira cha kitako na wavu wa nje mara kwa mara, kwa kuwa chumvi hujificha chini yake na kutu hula pale pasipoonekana. Nimeshawahi kuvua kiatu cha mtungi uliong'aa kama mpya na kukuta duara zima la kitako limekuwa ngozi ya mamba.

Mahali pa kuhifadhi

Chumba kiwe kikavu, chenye kivuli na kinachopitisha hewa, mbali na jiko, mashine ya kuchomelea, betri zenye tindikali, mafuta na rangi. Kwa hifadhi ya muda mrefu simamisha mitungi na uifunge kwa mnyororo au mkanda juu ya usawa wa kiuno chake. Sababu ya kuisimamisha ni kwamba kama kuna maji yaliyobaki, yatakusanyika kwenye kitako, ambako chuma ni kinene kuliko ubavuni. Kwa saa chache au siku moja, kuilaza si kosa.

Kuhusu kiasi cha hewa cha kuacha ndani, watu hubishana. Mtungi uliojaa hubeba nguvu nyingi na huharakisha kutu kama kuna unyevu. Mtungi wenye hewa nusu una tatizo lake wakati wa moto. Vali za mfumo wa Marekani zina kisahani kidogo kinachopasuka shinikizo likizidi, lakini mtungi ulio nusu unaweza kulegezwa na moto ukutani kabla shinikizo halijafikia kiwango cha kupasua kisahani hicho, na vali nyingi za Ulaya hazina kisahani kabisa. Ushauri wangu ni kuacha zile bar 10 hadi 20 kwa mtungi utakaokaa miezi, na kujaza kamili siku utakapouhitaji.

Joto la kawaida la jua halipasui mtungi mzima, ingawa hulipandisha shinikizo. Mtungi wenye bar 200 katika nyuzi 20 za Selsiasi utafika karibu bar 227 ukiwa ndani ya gari lililofungwa lenye nyuzi 60. Joto la moto au la tanuri ni suala jingine. Kwa kanuni za Marekani, mtungi wa alumini uliopata joto la zaidi ya nyuzi 177 hutolewa kazini moja kwa moja, kwa kuwa ugumu wa aloi hupotea bila umbo kubadilika. Hivyo usimpe fundi rangi mtungi wa alumini auoke kwenye tanuri, wala usiuondoe rangi kwa dawa kali za magadi, ambazo huila alumini.

Usafirishaji

Ndani ya gari laza mtungi, uzuie pande zote mbili na uufunge kwa mkanda unaoweza kustahimili breki ya ghafla, na vali iwe imefungwa na kukingwa isigongwe. Regulata isiachwe imefungwa juu yake. Fungua madirisha kidogo kama unabeba mitungi kadhaa, na uishushe mara ufikapo badala ya kuigeuza gari ghala. Kwa ndege, mashirika mengi hukubali mtungi ukiwa mtupu kabisa na ukiwa wazi ili mkaguzi aone ndani. Marekani vali lazima iwe imetenganishwa na mtungi. Hesi za shingo zilizo wazi zikingwe kwa kifuniko kinachoondoka kirahisi, na vali irudishwe na fundi baada ya kuukagua mtungi ndani.

Michanganyiko yenye oksijeni nyingi

Mtungi wa naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, ubebe lebo inayosema asilimia ya oksijeni, kina cha juu kinachoruhusiwa, tarehe ya kupimwa na jina la aliyepima. Mzamiaji apime mwenyewe, kila mara, hata kama ameuona ukijazwa. Kwa oksijeni asilimia 32 na kikomo cha bar 1.4 cha shinikizo la oksijeni, kina ni mita 33; mtu akiuchukua mtungi huo kwa kudhani ni hewa ya kawaida na kwenda mita 45, anakaribisha kifafa chini ya maji. Rangi ya mtungi si kitambulisho cha kutosha, kwa sababu desturi za rangi hutofautiana kutoka nchi hadi nchi na mitungi hupakwa upya.

Mtungi unaotengenezewa mchanganyiko kwa kuingizwa kwanza oksijeni tupu lazima uwe umesafishwa kwa ajili ya oksijeni, vali na oringi zake pia, hata kama mchanganyiko wa mwisho una asilimia 32 tu, kwani kwa dakika za mwanzo ukuta wake unagusana na oksijeni ya asilimia 100. Grisi ya silikoni na mafuta ya kawaida hayana nafasi hapo. Mtungi kama huo ukishajazwa mara moja kutoka kwenye kompresa isiyo na vichujio vya kiwango hicho, usafi wake umekwisha na usafishwe upya.

Mambo yakienda mrama

Viputo vichache shingoni chini ya maji huashiria oringi ya shingo. Maliza hewa taratibu, kisha umpelekee fundi. Vali iliyokwama usiifungue kutoka kwenye mtungi wenye shinikizo kwa namna yoyote, wala usiigonge kwa nyundo. Mtungi mkaidi kama huo uwekwe nje, mbali na watu, na aitwe mtu mwenye vifaa. Moto ukizuka kwenye ghala usiingie kuokoa mitungi. Toka, na uwaambie wazima moto ni mingapi, iko wapi na ina gesi gani.

Mtungi ulioshindwa jaribio, wenye ufa, uvimbe, alama ya kuchomelea au shimo lililopita kikomo cha mkaguzi, haurudi kazini kwa bei ya chini wala hauwekwi pembeni ukiwa mzima, maana siku moja atatokea mtu wa kuuokota na kuujaza. Hewa yote hutolewa, vali huondolewa, na mkaguzi huharibu hesi za shingo au huukata mtungi vipande viwili kabla haujakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nambari yake ya pekee huandikwa kwenye daftari la ukaguzi pamoja na tarehe na sababu ya kukataliwa.